Kutoka Kiwanja cha Eastleigh hadi Kingo za Mto Mathare: Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya Ikikaribia Miaka 100

Mwaka 2029 Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya itatimiza miaka 100 tangu mbegu yake ipandwe hapa Nairobi. Kurasa hizi zimeandikwa kwa ajili ya wakazi wa Eastlands, kuanzia Pumwani, Kaloleni na Makongeni hadi Umoja, Kayole na Dandora. Makao makuu ya Idara yako upande wa pili wa jiji, Dagoretti Corner, na huenda msomaji akajiuliza historia hiyo inatuhusu nini. Inatuhusu kwa mambo mawili. Kazi ya kulipima anga la nchi hii ilipitia kwenye ardhi yetu, katika viwanja vya ndege vya Eastleigh na Embakasi. Tena mito inapofura, sisi ndio wa kwanza kuyaona maji yakiingia mlangoni, na mara nyingine chanzo chake kimojawapo ni upepo unaozunguka baharini, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa.

Kimbunga chenyewe hakifiki Nairobi. Dhoruba hizo hupata mzunguko wake kutokana na dunia kujizungusha, na karibu na ikweta nguvu hiyo ni hafifu mno. Ndiyo sababu Kenya imezoea kuviona vimbunga kama habari za Madagascar, Msumbiji na Mauritius. Wanaoufahamu mwambao wetu hawajawahi kuridhika na mazoea hayo.

Kabla ya 1929: Kumbukumbu ya Zanzibar

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Vyombo vilivunjikavunjika bandarini na mikarafuu ikang'olewa shamba baada ya shamba. Pemba iliponea, na tangu hapo ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Uchumi mzima wa visiwa ulibadili mkondo kwa siku moja, na hapakuwa na mtu yeyote mwenye chombo cha kumwambia Sultani Barghash kwamba upepo huo unakuja.

Mabaharia walikuwa na elimu yao. Walizijua pepo za kaskazi na kusi kwa miezi na kwa nyota, wakajua lini mtu anatweka tanga na lini anapandisha jahazi pwani. Elimu hiyo ilitosha kwa biashara ya kawaida. Dhoruba inayotokea mara moja katika vizazi viwili haina kalenda.

1929 hadi 1947: Mtu wa Mauritius aja Nairobi

Huduma ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki ilianzishwa mwaka 1929, makao yake yakiwa Nairobi. Mkurugenzi wa kwanza, Albert Walter, alitoka Mauritius, alikokuwa amefanya kazi kwa miaka mingi katika Royal Alfred Observatory. Hicho ni kituo kilichojulikana kwa kufuatilia vimbunga vya Bahari ya Hindi. Jambo hili halitajwi sana, nami naona linastahili kutajwa: aliyeweka msingi wa utabiri wa Kenya alikuwa mtu aliyelelewa kikazi na vimbunga.

Haja iliyoizaa huduma hiyo ilikuwa ndege. Kampuni ya Imperial Airways ilikuwa ikifungua njia ya kutoka London hadi kusini mwa Afrika, na safari zake zikaanza kufika Afrika Mashariki mwaka 1931. Rubani wa wakati ule alihitaji kujua upepo wa njiani na mawingu ya atakakotua, na hakuna aliyeweza kumwambia bila vituo vya kupimia. Vituo vikaanza kuenea Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Wakulima nao walinufaika, lakini ni mahitaji ya njia za ndege yaliyosukuma kazi mbele, na alama yake haijafutika: kati ya vituo vikuu vya Nairobi hadi leo, vya Wilson, Eastleigh na Embakasi viko kando ya njia ya kurukia ndege.

1948 hadi 1963: Eastleigh, kisha Embakasi

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia huduma hiyo iliwekwa chini ya Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki, ikawa Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki. Miaka hiyo kiwanja cha Eastleigh ndicho kilikuwa mlango wa Nairobi. Ndege za jeshi la anga la Uingereza na zile za abiria zilitua hapo hapo. Hata Binti Mfalme Elizabeth alitua Eastleigh Februari 1952, siku chache kabla ya kuwa malkia. Watu wa Pumwani walizisikia injini zikipita juu ya paa zao kabla hawajasoma habari za wageni magazetini.

Kazi ya mpimaji wa enzi hizo ilikuwa hivi. Alijaza puto dogo gesi ya hidrojeni mpaka likafikia kipimo kinachojulikana, ili lipande kwa kasi inayojulikana. Rangi ya puto ilichaguliwa kulingana na anga, jeupe kwa siku ya buluu tupu, jekundu au jeusi kwa siku ya mawingu. Usiku lilining'iniziwa taa ndogo. Puto likiachiwa, mpimaji aliinama kwenye darubini ya theodolaiti, na kila dakika mwenzake akaandika pembe mbili: limeelekea wapi, na liko juu kiasi gani. Kutokana na pembe hizo, kwa penseli na karatasi, walipata kasi na mwelekeo wa upepo ngazi kwa ngazi, mpaka puto linapozama ndani ya wingu. Kila hesabu ilikuwa imebeba uhai wa watu walioketi ndani ya ndege.

Mkurugenzi kuanzia 1949 hadi 1955 alikuwa David Arthur Davies. Wakati wake, tarehe 15 Aprili 1952, kimbunga kiliipiga Lindi, kusini mwa Tanganyika. Siku na mwezi ni ule ule wa Zanzibar, miaka 80 kamili baadaye. Davies aliondoka Nairobi kwenda kuwa Katibu Mkuu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, kiti alichokikalia hadi 1979.

Embakasi ilifunguliwa mwaka 1958 na ndege za abiria zikahamia huko. Historia ya haki haina budi kusema pia kwamba kiwanja hicho kilijengwa kwa jasho la wafungwa wa wakati wa Mau Mau, na wengi wa vijana waliotiwa kizuizini walichukuliwa kutoka mitaa hii hii ya Eastlands. Eastleigh ilibaki ya kijeshi. Ikawa ya Jeshi la Anga la Kenya mwaka 1964, na sasa inaitwa Moi Air Base.

1964 hadi 1979: Ndege zaingia ndani ya upepo

Kipindi hiki ndicho ninachokionea fahari kuliko vyote, kwa sababu ndipo anga la Kenya lilipoifundisha dunia jambo jipya.

Mwaka 1966 mtaalamu Mwingereza John Findlater alichapisha makala kuhusu upepo wa ajabu unaopita chini chini mashariki mwa Kenya. Alikuwa amevikusanya vipimo vya puto, vile vile vya penseli na theodolaiti, akaona kwamba kati ya Mei na Septemba kuna mkondo mwembamba wa upepo mkali unaotoka upande wa Madagascar, unavuka ikweta juu ya nyanda za mashariki mwa Kenya, unapinda Somalia na kuelekea India. Kiini chake kiko kama kilomita moja na nusu tu kutoka ardhini, na siku zake kali hupita kilomita 100 kwa saa. Milima yetu ndiyo inayouzuia usisambae magharibi. Unaegemea nyanda za juu kama mto unavyoegemea ukingo. Leo wataalamu wa dunia nzima wanauita Mkondo wa Findlater. Nahodha wa Lamu aliyesafiri na kusi alikuwa akipeperushwa na sehemu ya chini ya mkondo huo huo.

Puto huonyesha upepo wa mahali pamoja. Ili kujua mkondo una upana gani na kiini chake kiko wapi, ilibidi mtu aingie ndani yake. Mwaka 1977 ndege ndogo iliyofungwa vipimo iliukata mkondo huo mara kadhaa juu ya mashariki mwa Kenya, na matokeo yakachapishwa mwaka uliofuata. Upimaji huo ulikuwa utangulizi wa jaribio kubwa la kimataifa la kuuchunguza upepo wa msimu, mwaka 1979. Ndege za utafiti za Marekani zilikuja kupima juu ya Bahari ya Arabu, mojawapo ikiwa Orion P-3, aina ya ndege ambayo kwao huingizwa ndani ya harikeni, kama vimbunga vinavyoitwa huko.

Inafaa kueleza kidogo ndege hizo zinafanya nini, maana wengi hudhani hadithi hizo ni za sinema. Rubani wa kwanza kuingia harikeni kwa makusudi alikuwa Joseph Duckworth, karibu na Galveston, Texas, Julai 1943. Siku hizi Orion hulikata jicho la dhoruba kutoka upande hadi upande, huku rada zake zikichora mvua ndani ya mawingu. Wafanyakazi hudondosha kifaa chepesi chenye mwavuli mdogo. Kinaposhuka kuelekea baharini hutuma kwa redio joto, unyevu, kanieneo ya hewa na upepo. Kanieneo ya hewa ndani ya jicho ndiyo inayosema dhoruba imekomaa kiasi gani.

Bahari yetu haina ndege za namna hiyo za kudumu. Kituo cha kanda kilichopewa jukumu la vimbunga vya kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi kiko kisiwa cha Réunion, nacho hutegemea hasa macho ya setilaiti. Mtaalamu yeyote wa kanda hii anapotaja kasi ya upepo wa kimbunga, kwa kawaida anasoma umbo la mawingu: jinsi yanavyojiviringisha, jicho lilivyo wazi, na vilele vyake vilivyo na baridi. Njia hiyo iliwekwa na Mmarekani Vernon Dvorak katika miaka ya 1970. Ni njia nzuri, lakini ni makadirio, na tofauti kati ya makadirio na kipimo huwa kubwa pale maisha ya watu yanapoitegemea.

1977 hadi 2002: Idara ya taifa

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na idara ya pamoja ikavunjika nayo. Kila nchi ikachukua vituo vyake. Vipuri, wataalamu na kumbukumbu za miaka 48 vilipaswa kugawanywa kati ya ndugu waliokuwa wameacha kusemezana vizuri, wakati upepo wenyewe haukutambua mpaka wowote. Nairobi ilibaki na chuo cha mafunzo, ambacho kiliendelea kupokea wanafunzi wa nchi nyingi za Afrika kikiwa kituo cha kanda cha Shirika la Hali ya Hewa Duniani.

Novemba ya mwaka huo huo 1977, Ulaya ilirusha Meteosat ya kwanza. Yaani wakati vituo vyetu vya ardhini vinagawanywa, jicho lililoiona Afrika nzima kwa mara moja lilikuwa linafunguka angani. Mwaka 1989 kikaanzishwa Nairobi kituo cha kufuatilia ukame kwa nchi za kanda, ambacho baadaye kilikua na kuwa kituo cha hali ya hewa cha shirika la kanda la IGAD, kinachojulikana kama ICPAC.

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1872 | Kimbunga cha Zanzibar, 15 Aprili |
| 1929 | Huduma ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki yaanzishwa, Nairobi |
| 1931 | Safari za Imperial Airways zaanza kufika Afrika Mashariki |
| 1952 | Kimbunga cha Lindi, 15 Aprili |
| 1958 | Embakasi yafunguliwa. Ndege za abiria zahama Eastleigh |
| 1966 | Findlater achapisha habari za mkondo wa upepo wa mashariki mwa Kenya |
| 1977 | Jumuiya yavunjika. Ndege ya utafiti yapima mkondo. Meteosat ya kwanza yarushwa |
| 1979 | Jaribio la kimataifa la upepo wa msimu |
| 1989 | Kituo cha kanda cha kufuatilia ukame chaanza Nairobi |
| 2002 | Kizazi cha pili cha Meteosat chaanza kurushwa |
| 2013 | Ugatuzi. Huduma zaanza kufikishwa ngazi ya kaunti |
| 2019 | Vimbunga vya Idai na Kenneth, Msumbiji |
| 2024 | Mafuriko ya Nairobi; Kimbunga Hidaya |

2002 hadi 2019: Jicho angani, kaunti ardhini

Kizazi cha pili cha Meteosat kilileta picha mpya ya Afrika kila baada ya dakika 15, na mradi wa pamoja wa bara ukazigawia idara za Afrika mitambo ya kuzipokea. Mwaka 2016 Meteosat-8 ilisogezwa ili iitazame Bahari ya Hindi, ikawekwa kwenye longitudo nyuzi 41.5 mashariki. Ukichora mstari kutoka hapo wima hadi ardhini, unafika ikweta karibu kabisa na mpaka wa Kenya na Somalia. Mashine hiyo iliyochunga bahari yote hadi Australia ilikuwa imesimama, kwa namna ya kusema, juu ya paa letu, kilomita 36,000 kwenda juu.

Ugatuzi wa 2013 uliifanya Idara iweke wakurugenzi wa kaunti, Nairobi ikiwemo.  Miaka mitano baadaye, Machi 2018, mvua za masika zilianza kwa nguvu isiyo ya kawaida. Mary Kilavi wa Idara hii na wenzake waliichunguza mvua hiyo, wakaonyesha kwamba vimbunga viwili, Dumazile na Eliakim, vilivyokuwa mashariki mwa Madagascar, vilichangia.

Inakuwaje? Kimbunga kikiwa mashariki mwa Madagascar huvuta hewa kuelekea kwake, na hewa inayokuja kujaza nafasi hutoka magharibi, kwenye misitu ya Kongo, ikiwa imejaa unyevu. Inapita juu yetu na kutumwagia mvua. Kikihamia mlango wa bahari wa Msumbiji, mambo hubadilika. Unyevu huvutwa kusini na sisi huachwa na jua. Mwaka uliofuata tuliona upande huo wa pili. Idai iliipiga Beira usiku wa kuamkia 15 Machi 2019, Kenneth ikafuata Cabo Delgado tarehe 25 Aprili, na masika ya Kenya yakachelewa wakulima wakiwa wamesimama na mbegu mkononi.

Kwa hiyo mama wa Huruma anayeanika nguo ana sababu ya kuuliza kimbunga kiko upande gani wa Madagascar. Swali hilo lina jibu, na Idara inalo.

2024: Maji na Hidaya

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 2024 Mto Mathare ulipanda ukaingia ndani ya nyumba za mabati zilizopangana kwenye kingo zake. Waliowahi walipanda juu ya paa na watoto. Asubuhi kulikuwa na magodoro yaliyolowa tope yamening'inizwa kwenye nyaya, na sufuria zikiokotwa mbali na kwa wenyewe. Mukuru, kando ya Mto Ngong, hali ilikuwa hiyo hiyo. Nchi nzima ilipoteza watu zaidi ya 200 katika masika hayo.

Idara, chini ya mkurugenzi wake Dkt. David Gikungu, ilikuwa imetangaza mapema kwamba masika yangepita wastani. Utabiri ulikuwa sahihi. Kisha, maji yakiwa bado hayajakauka, likaja neno ambalo Wakenya wengi hawakuwahi kulisikia likihusishwa na pwani yao: kimbunga. Hidaya ilikuwa imejiunda kaskazini isivyo kawaida, ikielekea Tanzania. Kufunguliwa kwa shule kukaahirishwa tena. Katika vyumba vya utabiri, macho yalikuwa kwenye picha za setilaiti saa baada ya saa, yakitazama kama jicho linafunguka au linafumba. Tarehe 4 Mei Hidaya ilifika Mafia ikiwa imepungua nguvu. Kenya iliguswa na upepo na mawimbi, haikupigwa.

Wapo waliosema baadaye kwamba watu walitishwa bure. Sikubaliani nao hata kidogo. Bila ndege ya kuingia ndani ya dhoruba, na bila kumbukumbu nyingi za vimbunga vya aina hiyo katika maji hayo, kuonya kulikuwa ndiyo kazi yenyewe. Unguja ya 1872 haikupata hata saa moja ya onyo.

Lililo gumu zaidi lilikuwa Mathare. Onyo lilikuwepo, na watu walikuwa kwenye kingo za mto. Taarifa ya Idara inasema "Nairobi" au "nyanda za juu mashariki mwa Bonde la Ufa". Mpangaji wa kando ya mto anataka kujua kama ahame usiku huu, ahamie wapi, na nani atamlindia vyombo. Mradi wa Daraja uliofanyika Nairobi na Dar es Salaam ulionyesha kwamba taarifa ikifupishwa, ikaandikwa kwa lugha ya mtaani na kupitishwa kwa redio za jamii na viongozi wa mtaa, watu huitumia: huzibua mifereji, hufunga paa, huhamisha watoto. Njia inajulikana. Inahitaji kuwa kazi ya kila siku katika kila mtaa, na iwe na bajeti yake.

Ombi kwa ajili ya 2029

Kila siku saa tatu asubuhi, mpimaji hukitoa chombo kutoka kwenye kipimamvua, humimina maji ya usiku katika bilauri yenye mistari, husoma milimita na kuandika. Hufanya hivyo Dagoretti, Wilson, Embakasi na ndani ya ukuta wa Moi Air Base. Lakini mvua ya Nairobi ni ya mafungu. Inaweza kuijaza Kariobangi na kuiacha Buruburu kavu, na kipimo cha kando ya njia ya ndege kisijue.

Idara inapopanga sherehe za miaka 100, wakazi wa Eastlands tunaiomba zawadi moja. Kila shule ya msingi iliyo karibu na Mto Mathare, Mto Nairobi na Mto Ngong ipewe kipimamvua na mwalimu aliyefunzwa kukisoma, na kipimo watakachosoma yeye na wanafunzi wake kiingie katika daftari la Dagoretti kila asubuhi, saa ile ile ya tatu. Kipimamvua cha mkono hakina umeme wala spea ya kuagiza ng'ambo, na mtoto wa darasa la 5 anaweza kukisoma. Walimu wakuu walio tayari waanze kwa kuiandikia ofisi ya hali ya hewa ya Kaunti ya Nairobi sasa, kabla ya masika yajayo.